Nilivyopima maelezo ya zana hadi wakala akaacha kufuta majina ya mafundi

Wakala wetu wa akili mnemba, programu inayopokea ujumbe na kutenda kazi kwenye mfumo, alikuwa akikosea zana za kutumia. Karibu kila niliyemweleza shida hiyo alinijibu vilevile: lipia modeli kubwa zaidi, yaani akili mnemba yenye uwezo zaidi ya kumwendesha. Ushauri huo uliniudhi, maana modeli kubwa nayo ingesoma maelezo yaleyale mabovu.

Ofisi yetu iko Kisumu. Tunatunza programu ya kusimamia miradi ya ujenzi: visima, matangi, vyoo vya shule, kuanzia Ahero hadi Luanda na Kakamega. Msimamizi akiwa saiti huandika ujumbe kwa simu, na wakala huyo huyaingiza mambo kwenye mfumo. Tulimwunganisha kwa MCP, itifaki ya kuunganisha modeli na zana za nje iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024. Wakala haoni hata mstari mmoja wa msimbo wetu. Anachopewa ni jina la zana, yaani kitendo anachoweza kukiita kwenye mfumo, maelezo yake na orodha ya vigezo, yaani taarifa za kujaza. Jambo lisilosemwa hapo hana pa kulijulia.

Siku moja msimamizi wa Ahero aliandika, "Ongeza fundi wa bomba kwenye kazi ya tangi." Wakala akaita sasisha_kazi, akamwandika fundi wa bomba kwenye sehemu ya wahusika, na mafundi wengine wote wakatoweka kwenye kazi hiyo. Simu ikalia. "Kijana wangu, watu wangu wameenda wapi? Jumamosi nitawalipa kwa orodha gani?" Mfumo haukuwa na hitilafu. Orodha inayotumwa huchukua nafasi ya ile iliyokuwepo, kama GitHub, jukwaa la kutunzia msimbo, inavyofanya ukibadilisha lebo za tiketi kupitia API yake, yaani mlango ambao programu nyingine huutumia kuwasiliana nayo. Lakini maelezo tuliyorithi kwa waliojenga mfumo yalikuwa na maneno mawili tu: "Husasisha kazi."

Rafiki mmoja wa Nairobi akashauri tuandike kwa herufi kubwa: LAZIMA UTUMIE ZANA HII KILA MARA. Tuliuweka ushauri huo kwenye mfumo wa majaribio, na nafurahi kwamba uliishia huko. Ukimuuliza wakala "Kazi ya tangi imefika wapi?" alikimbilia kuisasisha. Ukimwandikia "Asante mkuu, Mungu akubariki," alisasisha pia, akitafuta kazi yoyote ya kuifungia shukrani hiyo. Mwingine akasema turefushe maelezo hadi yajae ukurasa. Maelezo ya zana zote husafiri pamoja na kila mazungumzo, kwa hiyo gharama ya tokeni, vile vipande vya maneno tunavyolipia, ilipanda, majibu yakachelewa, na zana zilizokuwa zikichaguliwa vizuri zikaanza kukosewa.

Nikaamua kupima. Nilichukua jumbe halisi za wasimamizi, nikaondoa majina na namba za simu, na kando ya kila mmoja nikaandika zana inayofaa na vigezo vyake. Sehemu nzuri ya jumbe hizo hazikuhitaji zana yoyote. Ukiziacha nje utamsifu wakala anayegusa kila kitu. Nyingine zilikosa habari muhimu, na jibu sahihi lilikuwa kuuliza kwanza. Zana zenyewe zilikuwa bandia zinazorudisha jibu la kupangwa, ili data ya watu isiguswe. Kila ujumbe ulirudiwa mara kadhaa kwa sababu modeli haijibu sawa kila mara. Pesa iliyotumika haikufika bei ya samaki wa watu wachache pale ufukweni.

Hila ninayojivunia ni hii. Niliyaficha majina ya zana. Sasisha_kazi ikawa zana_a, badilisha_hali ikawa zana_b, ongeza_maoni ikawa zana_c, na maelezo yakabaki yalivyo. Alama ziliporomoka mara moja. Kumbe zana hizo zilikuwa zikiishi kwa majina yao, na maelezo hayakuwa yakisaidia lolote! Baadaye niliyachapa maelezo hayo kwenye karatasi bila majina, nikampelekea yule msimamizi wa Ahero. Tukakaa chini ya mti na chai, nikimsomea jumbe naye akichagua. Alipofika ya tatu akaweka kidole kwenye mbili: "Hii na hii si kitu kimoja?" Ndizo hasa alizokuwa akizichanganya wakala.

Maelezo mapya ya sasisha_kazi yanasema: "Hubadilisha taarifa za kazi iliyopo. Orodha ya wahusika utakayotuma inafuta ya zamani yote. Kuongeza mtu mmoja, tumia ongeza_mhusika. Kuandika ripoti ya siku, tumia ongeza_maoni." Sentensi fupi nne, na mbili kati yake zinamwelekeza kwingine. Ongeza_mhusika tuliitengeneza wakati huohuo, maana zana nyingine hazitibiki kwa maneno. Hali ya kazi tuliibana iwe moja ya maneno manne, ili asibuni "karibu kwisha". Kwenye kigezo cha muda tuliandika mfano: mtu akisema saa nne asubuhi, weka 10:00, UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki. Kabla ya hapo vikao vilikuwa vikiwekwa alfajiri.

Jumbe nyingine niliziweka kando nisizitazame nikiandika upya maelezo. Usipofanya hivyo utaishia kuyashona maelezo yaingie kwenye maswali uliyoyakariri. Hizo ndizo zilizonithibitishia kwamba tumepiga hatua, na hata majina yakifichwa wakala sasa anachagua vizuri. Modeli ni ileile ya bei nafuu.

Kilichobaki ni ujumbe wenye kazi mbili, mfano "Funga ya choo, halafu mwongeze mchoraji kwenye ya tangi." Mara nyingine anatekeleza ya kwanza na kuisahau ya pili. Hapo zana zote mbili huzitambua akiulizwa kila moja peke yake, kwa hiyo siyagusi maelezo. Nimeanza kukusanya jumbe za aina hiyo nizipime kivyake.