Apandaye na Atiaye Maji

Neno la wiki: 1 Wakorintho 3:4–9

Wakristo wa Korintho walikuwa wamegawanyika kwa majina ya wahubiri wao: huyu wa Paulo, yule wa Apolo. Paulo anawajibu kwa lugha ya shamba: “Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu.” Kisha anasema apandaye na atiaye maji ni wamoja. Wiki hii tumsome kama wakulima, maana tumeingia Majira ya Uumbaji na sharika na parokia nyingi zimepanga kupanda miti pamoja kwenye vyanzo vya maji.

Majira haya yenyewe ni matunda ya umoja. Mwaka 1989 Patriaki Dimitrios wa Kwanza wa Waorthodoksi aliitenga tarehe 1 Septemba iwe siku ya kuombea uumbaji. Baraza la Makanisa Ulimwenguni likasaidia kuirefusha hadi 4 Oktoba, sikukuu ya Fransisko wa Asizi, na mwaka 2015 Papa Fransisko akaiingiza siku hiyo ya maombi katika kalenda ya Katoliki. Ila kalenda hiyo haikupangwa kwa kufuata mvua zetu. Septemba kwetu ni kiangazi. Mche unaopandwa tarehe 1 mbele ya maaskofu na kamera, vuli ikichelewa hadi Novemba, unakuwa umeshakauka. Dodoma na Singida mvua husubiri mpaka Desemba.

Basi Septemba iwe ya kuomba, kupima na kuchimba. Ukiichukua chemchemi kama kitovu na kwenda mita 60 kila upande, ambazo ndizo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaja, unapata takribani hekta 1.13, karibu ekari tatu kasoro. Kwa nafasi ya mita 5 kwa 5 hiyo ni miti kama 450. Otesheni 560, kwa sababu mingine itakufa na lazima mapengo yazibwe. Mashimo yawe sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu ukiwekwa kando ili urudishwe kwanza, ukiwa umechanganywa na ndoo moja ya samadi iliyoiva. Samadi mbichi huunguza mizizi. Siku ya kupanda, mvua zikishaanza, kiriba (mfuko wa plastiki wa mche) kiondolewe chote. Miche mingi inayodumaa hadi mwaka wa pili, ukiifukua unaikuta mizizi imejizungusha ndani ya plastiki.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro miti ya kuchagua ni mikuyu, misesewe, miringaringa na miruka. Watu husema maji ya mlimani yanatoka kwenye theluji, lakini sehemu kubwa inatoka kwenye msitu unaopokea mvua na ukungu. Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) imelifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi: watoto wa kipaimara hupanda miti kama sehemu ya maandalizi yao, na Askofu Fredrick Shoo amefahamika kama Askofu wa miti. Mikaratusi isipandwe hapo kabisa, inakunywa mno. Iliyopo isifyekwe yote kwa siku moja, kwa kuwa mizizi yake ndiyo inayoshika udongo. Ipunguzwe kidogo kidogo kadiri miti ya asili inavyokua.

Sasa tufike penye uzito. Hizo ekari karibu tatu ni za nani? Kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, zinaweza kuwa za kaya tatu au nne, na mkaratusi ule ni ada ya shule ya mtoto wa mtu. Makanisa yakifika na kipimo cha mita 60 mkononi, yakamwambia mjane aondoe migomba yake kwa ajili ya uumbaji wa Mungu, yamerudia habari ya shamba la Nabothi, aliyeuawa ili mfalme Ahabu alitwae. Barua za malkia Yezebeli za kumwangamiza nazo zilikuwa na muhuri wa mfalme. Haki ya mazingira inayolipiwa na maskini peke yake hatuwezi kuiita haki.

Kwa hiyo wenye mashamba waketi na kamati kabla ya jembe la kwanza, na makubaliano yapite kwenye mkutano wa kijiji yakaandikwa kwenye muhtasari. Mikaratusi iuzwe na mwenyewe, ikikomaa, kwa bei yake. Sehemu ya nje ya eneo aruhusiwe kukata majani ya mifugo na kuweka mizinga ya nyuki, na apewe miche ya parachichi ya kupanda nje ya mpaka. Fedha zitoke kwenye sadaka ya Jumapili moja ya kila kanisa, ziingie akaunti moja yenye watia saini watatu kutoka makanisa matatu tofauti. Zikikaa kwa mhazini wa kanisa moja, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, mashaka yatavunja umoja kabla ya mbuzi kuivunja miche. Msikiti wa jirani ualikwe tangu mwanzo. Wanakunywa chemchemi hiyo hiyo.

Kazi kubwa inaanza Juni, masika yakiisha na wageni wakiwa wameshaondoka. Lita 5 kwa kila mti kwa wiki, kwa miti 450, ni ndoo 113 za lita 20. Makanisa yakiwa manne, ni ndoo 28 au 29 kila moja, kila wiki, mpaka mvua zirudi. Wapangiwe siku ambayo si Jumamosi wala Jumapili ili Wasabato nao washiriki. Na wasiachiwe kina mama na wasichana, ambao tayari ndio wanaobeba maji ya nyumbani. Wanaume na vijana wa kwaya wabebe. Kila mti uwe na kisahani cha udongo cha kushika maji na matandazo, yasiyogusa shina kwa sababu ya mchwa.

Hapo ndipo Apolo anapohitajika. Kibao chenye jina la kanisa moja kisisimikwe. Tarehe 1 Septemba ya mwaka unaofuata, katika ibada ya pamoja, isomwe idadi ya miti iliyo hai, hata kama ni 200, pamoja na kaya zilizotoa ardhi, zikikubali kutajwa.

Tuombe: Bwana, wabariki wenye mashamba walio juu ya chemchemi zetu, na uwape nguvu watakaobeba ndoo tangu Juni mpaka mvua zirudi. Amina.