Nyanya juu ya shina la bilinganya, Tabora: wiki ya 10

Shamba lilikuwa la tumbaku msimu uliopita. Tumbaku, nyanya, bilinganya, viazi mviringo na mnavu ni ukoo mmoja, na bakteria wa mnyauko, Ralstonia, hushambulia ukoo huo wote. Dawa ya kupulizia haiwafikii, maana wamo ndani ya mishipa ya maji.

Mzizi sugu hauwazuii bakteria kuingia. Wanaingia palepale wanapoingilia kwenye mzizi dhaifu: penye kidonda cha jembe, palipotobolewa na minyoo fundo (minyoo midogo ya udongoni inayofanya mizizi ivimbe mafundo), au mzizi wa pembeni unapochomoza. Tofauti iko kwenye kinachofuata. Kwenye nyanya ya kawaida hupanda hadi juu, huzaliana, na utelezi wao huziba mishipa, hivyo mmea unanyauka majani yakiwa bado mabichi. Nyanya sugu huimarisha kuta za mishipa mizizini kwa vitu vigumu viitwavyo lignini na suberini; suberini ndiyo ileile inayofanya ganda la kiazi lisivujishe maji. Bakteria hubanwa hukohuko chini, wachache. Ndiyo maana tunabebesha, yaani tunaunga kikonyo (sehemu ya juu ya mche wa nyanya) kwenye shina la bilinganya lenye mzizi sugu: mzizi unalinda, kikonyo kinazaa. Ila si kila bilinganya ni sugu. Bila mbegu iliyothibitishwa kazi yote ni bure.

Bilinganya ilisiwa siku 7 kabla ya nyanya kwa kuwa huchelewa kuota. Wiki ya 4, mashina yalipofikia unene wa milimita 2, yalikatwa mshazari kwa wembe mpya, yakaunganishwa na kubanwa kwa kipande cha mpira cha sentimita 1. Unene ukipishana, mishipa haikutani na kikonyo kinakauka. Miche ilikaa siku 3 gizani chini ya nailoni yenye unyevu, kisha ikazoeshwa mwanga kidogo kidogo kwa siku 9. Iliyooza ilikuwa ile iliyodondokewa na matone ya nailoni kwenye kiungio. Tangu hapo nailoni inainamishwa, maji yateremkie pembeni.

Ilipandwa wiki ya 6, kiungio kikiwa sentimita 5 juu ya udongo.

Sasa maua yametoka, na nyanya zisizobebeshwa zimeanza kulala mchana na kuinuka usiku. Kipimo ni rahisi na tunakiamini: kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji maangavu, usiitikise. Kabla ya dakika 5 uzi mweupe kama maziwa ulianza kuteremka kutoka kwenye mkato, mwembamba, ukijikunja chini ya glasi. Ungekuwa mnyauko wa fuzari, unaoletwa na kuvu, usingeonekana uzi.

Miche miwili iliyobebeshwa nayo imenyauka, na hili limetuuma. Tulipoing'oa, mizizi ya bilinganya ilikuwa myeupe na mizima. Juu ya kiungio, nyanya ilikuwa imetoa mizizi yake yenyewe, minene, imezama kwenye tuta. Wakati wa palizi udongo ulipandishiwa mno, kiungio kikafunikwa, na bakteria wakapata njia ya kuukwepa mzizi sugu.

Wiki hii udongo unaondolewa kwa mkono shina kwa shina hadi kiungio kionekane. Kila mzizi uliochomoza juu yake unakatwa, na wembe unapanguswa spiriti kabla ya kugusa mche unaofuata.