Smart, smati, na ukali wa pamba

Mpwa wangu anasoma Marekani. Jana kwenye simu alimwambia bibi yake, kwa furaha tele, kwamba mwalimu kamwita smart. Mama akamuuliza, "Kwani wamewashonea sare mpya?" Mtoto akacheka mpaka simu ikamponyoka.

Mimi nilikuwa upande wa mama. Smati yetu tuliipokea kwa Waingereza, na kwao mtu smart ni kwanza yule aliyenyoosha shati na kung'arisha viatu: mtanashati. Mtoto mwenye akili mara nyingi watamwita clever. Mmarekani yeye huanzia kichwani.

Usiku nikakaa kulifukua neno lenyewe. Kumbe asili yake ni maumivu! Katika Kiingereza cha kale, miaka elfu moja na zaidi iliyopita, lilikuwa kitenzi cha kuuma na kuwasha. Wajerumani hadi leo maumivu huyaita Schmerz, neno la ukoo huohuo. Na kitenzi hakijafa: moshi ukikuingia machoni, kwa Kiingereza macho yana-smart. Kutoka pigo linalochoma wakapata ulimi unaochoma, kisha akili nyepesi. Mavazi yakaja baadaye sana.

Safari ya ajabu, nikawaza, halafu nikakumbuka neno letu "kali". Pilipili ni kali. Kisu ni kikali. Bosi ana maneno makali. Binti wa jirani ni mkali wa hesabu. Na vijana wakimwona mwenzao katoka kwenda harusini watasema kavaa pamba kali. Uchungu, makali, akili, nguo: vyote vimo humo, na hakuna mkoloni aliyetufundisha.

Kwa hiyo smartphone ingeweza kuwa simu kali, ila simu kali tayari ni ile ya bei mbaya. Tukaiita simu janja, na mimi naona waliochagua walipatia kuliko wenye neno lao. Mjanja ana akili, ndiyo, lakini hujui anaitumia kwa faida ya nani. Simu yangu inajua nimelala saa ngapi na nimepita duka gani, kisha inaniletea tangazo la viatu. Huo si werevu.

Wamarekani tangu vita ya Vietnam wanayo hata mabomu smart, yale yanayoongozwa kwa leza. Hilo sitaki kulitafsiri.