Kwa nini nawania uodita wa kaunti

Simu zimekuwa nyingi wiki hii, na kila mtu ana toleo lake la habari, kwa hivyo acha niseme mwenyewe. Mwaka 2028, Mungu akipenda, nitawania kiti cha odita wa kaunti yetu hapa Iowa. Nitasimama bila chama.

Mama yangu huko Nakuru aliposikia, aliniuliza, "Ni nani amekuteua?" Ana haki ya kuuliza. Kwetu Kenya msimamizi wa uchaguzi huajiriwa na tume ya uchaguzi. Hutakuta picha yake ukutani akiomba kura. Huku kila moja ya kaunti 99 za Iowa humchagua odita wake kwa miaka minne. Yeye ndiye anayeshughulikia bajeti ya kaunti na kumbukumbu za uhamisho wa ardhi, lakini zaidi ya yote ndiye mwenye uchaguzi: daftari la wapiga kura, karatasi za kura, makarani na mafunzo yao, kura za posta, mashine za kuhesabia. Na wengi wanaokalia kiti hicho wamefika kwa tiketi ya chama, Democratic au Republican. Yaani refa anaingia uwanjani na jezi ya timu mojawapo, kisha tunamtegemea achezeshe kwa haki. Niliofanya kazi chini yao wamechezesha kwa haki, nasema hivyo bila kusita. Sheria pia inataka makarani wa kila kituo watoke vyama vyote viwili. Ila mimi naona jezi yenyewe haina kazi pale, na tangu 2017 Iowa imeondoa utaratibu wa kupigia chama kizima kura kwa alama moja, kwa hivyo asiye na chama angalau atasomwa jina.

Wanaosema kura moja si kitu nawatajia hesabu ya 2020. Kiti cha Congress, yaani bunge la Marekani, cha wilaya ya pili ya jimbo hili kiliamuliwa kwa kura 6. Mariannette Miller-Meeks alipata 196,964, Rita Hart 196,958, na hiyo ni baada ya kuhesabu upya. Tofauti ikiwa ndogo kiasi hicho, bahasha moja iliyochelewa ni jambo zito. Na bahasha za watu wetu huchelewa! Madereva wa malori, wauguzi wa usiku, wanaofanya kazi kwenye viwanda vya nyama: hawa ndio wanaotegemea posta. Tangu sheria ilipobadilishwa 2021, kura ya posta lazima iwe imefika kabla ya vituo kufungwa saa mbili usiku siku ya uchaguzi. Muhuri wa posta wa siku iliyotangulia haukuokoi. Nimekuta watu wazima kanisani ambao hawakuwahi kuambiwa hilo, na si kosa lao.

Kilichonisukuma hasa ni mama mmoja wa Uvira, Kongo. Oktoba 2024 jimbo lilizitumia kaunti orodha ya majina 2,176, ya watu waliowahi kujieleza kwenye ofisi ya leseni za udereva kuwa si raia na baadaye wakajiandikisha au wakapiga kura. Wengi wao walikuwa wamekula kiapo cha uraia katikati hapo. Uchunguzi wa jimbo uliotangazwa Machi 2025 ulithibitisha kuwa 277 ndio hawakuwa raia. Mama huyu alikuja kituoni nilipokuwa karani, amevaa kitenge kipya, mjukuu wake kando. Jina lake lilikuwa na alama. Nilimweleza kwa Kiswahili kwamba kura yake itawekwa kwenye bahasha kando mpaka alete uthibitisho. Akaniuliza polepole, "Mwanangu, kile kiapo hakikutosha?" Cheti chake kilikuwa nyumbani, ndani ya sanduku la nguo. Alikileta baadaye, lakini wangapi walirudi kazini na hawakurudi tena?

Mimi nilikuwa Nakuru Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Aliyekuwa hapo hahitaji kuelezwa. Mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, alimtangaza Rais Mwai Kibaki kuwa mshindi, na siku chache baadaye akawaambia waandishi wa habari kwamba hajui kama kweli Kibaki alishinda. Watu zaidi ya 1,000 walikufa. Kisha mwaka 2022 tume iliweka Fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, mtandaoni, na kaka yangu akakaa na kikokotoo akijumlisha za eneo letu. Mgombea wake alishindwa. Alikasirika, akalala, asubuhi akafungua duka, kwa sababu hesabu aliiona kwa macho yake.

Huku nafasi ya kuona ipo na haitumiki. Kabla ya kila uchaguzi mashine hupimwa hadharani, na tangazo hutolewa. Nimehudhuria. Wanachukua rundo la karatasi ambazo matokeo yake yanajulikana tayari, wanaziingiza moja moja, nyingine zina duara mbili zilizojazwa mahali panapotakiwa moja, kuona kama mashine itazikataa. Mwisho inatoa karatasi ndefu yenye hesabu, watu wanailinganisha mstari kwa mstari, wanatia sahihi, mashine inafungwa kwa lakiri yenye namba. Viti vya wananchi vilikuwa vitupu, maana ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi. Nikichaguliwa, upimaji huo utafanywa jioni, na nitawaalika kwa jina wale wanaosema mashine zinaiba.

Mmeniuliza kuhusu karatasi za kura kwa Kiswahili. Tangu 2002 sheria ya Iowa imefanya Kiingereza kuwa lugha ya shughuli za serikali, na sitaahidi kisichokuwa mikononi mwa odita. Lakini sheria ya shirikisho inamruhusu mpiga kura asiyeweza kusoma aingie na msaidizi anayemchagua mwenyewe, mradi asiwe mwajiri wake wala mwakilishi wa mwajiri au wa chama chake cha wafanyakazi. Mwambieni bibi nyumbani. Kijana wake anaweza kusimama naye.

Kwa sasa sihitaji michango. Aliyekula kiapo hivi karibuni, apite ofisi ya leseni na cheti chake wabadilishe rekodi, kabla ya Novemba. Na kaunti inatafuta makarani wa vituo. Wanalipwa, wanafundishwa, hata mwenye miaka 17 anakubaliwa. Nataka kuwaona vijana wetu kwenye zile meza. Anayetaka fomu anitumie ujumbe, nitampelekea mwenyewe.