Mtoto aliyeumia kichwa hapati usingizi: anza na asubuhi

Mtoto alianguka kutoka juu ya mfenesi, au bodaboda ilimgonga akivuka barabara. Sasa ametoka wodini, kidonda kimefunga, matoke yake anakula vizuri. Lakini usiku macho yake huwa kodo mpaka saa saba, na asubuhi haamshiki. Mwalimu anamwita mvivu, jirani ananong'ona kwamba amerogwa. Wanamwonea. Ubongo ulioumia ndio unaomnyima usingizi.

Chini kabisa katikati ya ubongo kuna sehemu ndogo, haipothalamasi, yenye saa ya mwili. Kichwa kikigongwa kwa nguvu, sehemu hiyo au nyuzi zake huweza kuumia, na melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa usiku umeingia, ikachelewa au ikapungua. Juu ya hayo kuna maumivu ya kichwa, na ajali inayomrudia ndotoni.

Siku za mwanzo kulala sana ni kawaida, na akishapimwa na daktari hakuna haja ya kumzuia asilale. Ila akikataa kuamka, akitapika tena na tena, akipata degedege, akilegea upande mmoja, mboni za macho zikitofautiana ukubwa, au maji maangavu yakimtoka puani au sikioni, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Wazazi wengi hupigana na usiku: "Lala! Funga macho!" Mimi nasema shika asubuhi. Chagua saa maalumu ya kumwamsha, tuseme saa moja kamili, Jumapili ikiwemo, na mtoe nje apate mwanga nusu saa, hata akiwa amekaa tu kwenye mkeka akinywa uji. Huku kwetu kwenye ikweta jua huchomoza karibu saa ile ile mwaka mzima, na ni dawa isiyouzwa.

Usiku usimlaze mapema kuliko usingizi wake. Kama kwa kweli husinzia saa nne, aingie kwenye chandarua saa nne. Akishalala ndani ya dakika ishirini kwa siku tatu mfululizo, rudisha nyuma robo saa, kisha robo nyingine. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa siku. Akihitaji kulala mchana, nusu saa inatosha, na iishe kabla ya saa tisa. Chai ya majani na soda ya kola zikome saa nane mchana. Jioni mpe maziwa. Simu na televisheni zizimwe saa nzima kabla ya kulala.

Andika kwenye daftari kwa wiki mbili, mstari mmoja kila siku: "Jumanne: alilala saa nne na nusu, akaamka saa nane kichwa kikiuma, akalala tena saa kumi, nikamwamsha saa moja. Mchana alisinzia mara mbili." Mstari kama huo humsaidia daktari kuliko kuambiwa "halali vizuri".

Tafadhali usimpe Piritoni ili alale. Humwacha na ulevi kesho yake, na huwezi tena kujua kama usingizi huo ni wa dawa au wa jeraha. Valiamu ndiyo usimpe kabisa. Dawa za maumivu zikitolewa karibu kila siku, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Akiwa na homa, apimwe malaria. Si kila kichwa kinachouma kinatokana na ajali.

Sikiliza pia anavyolala. Kukoroma kulikoanza baada ya ajali, pumzi inayokatika, kukojoa kitandani ghafla au ulimi ulioumwa asubuhi ni vya kupelekwa kwa daktari, maana kifafa huweza kuja usiku. Kukosa usingizi nako hukichochea. Ukiona tukio lenyewe, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, kisha mtu mwingine arekodi tukio hilo kwa simu.

Shule ya bweni, inayoamsha watoto saa kumi na moja alfajiri, isubiri. Omba barua ya daktari, na mwombe mwalimu mkuu mtoto arudi kwa nusu siku kwanza, asubuhi tu, aruhusiwe kulaza kichwa dawatini dakika kumi na tano. Akiweza wiki nzima bila kichwa kuuma zaidi, mwongezeeni masomo ya mchana.