Vikonyo vya kahawa nilivyootesha Moshi, ndani ya stoo na chini ya migomba

Mbuni chotara ukipanda mbegu yake, unachopata si mbuni uleule. Miche inatoka mchanganyiko: huu umerithi kinga ya magonjwa, ule haukurithi, mwingine unazaa punje chache na nyembamba. Ikiwa bado midogo huwezi kuitofautisha kwa macho, na siku utakapoitambua umeshaitilia samadi na kuipalilia kwa miaka. Mibuni ya zamani haikuwa na shida kubwa hiyo, kwa sababu kahawa ya arabika hujichavusha yenyewe na mbegu zake humfuata mama. Chotara ni mtoto wa koo mbili, na koo hizo huachana tena kwenye mbegu. Njia ya kuubakiza ulivyo ni kikonyo: kipande cha chipukizi kinachokatwa kwa mbuni mama, kikaoteshwa mizizi, kikawa mbuni kamili.

Nimeotesha vikonyo kwa misimu kadhaa sasa, vingine ndani ya stoo ya nyumba ninayoishi Rau, Moshi mjini, na vingine nje, chini ya migomba kwenye kihamba chetu, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, huko Kibosho mlimani. Mimi ni kitinda mimba, kwa hiyo kwa mila yetu kihamba cha nyumbani kiliniangukia mimi. Naandika kwa ajili ya mwenzangu aliyeachiwa mibuni iliyochoka na hataki kuona migomba peke yake ikibaki pale.

Mibuni niliyoikuta ni N39 na KP423, aina zilizochaguliwa zamani kwenye kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu, na kahawa yake ni nzuri kweli. Tatizo ni chulebuni. Ugonjwa huu wa kuvu ulitambuliwa kwanza Kenya mwaka 1922, ukaja kuingia na kwetu, na hali ya hewa ya mlimani unaipenda: baridi, manyunyu, ukungu usioondoka. Punje ikiwa bado ya kijani inaota doa jeusi lililobonyea, doa linapanuka, punje inadondoka au inakaukia tawini. Kwa aina hizi za zamani hakuna namna isipokuwa kupuliza dawa ya kopa tena na tena, na ukimaliza chulebuni, kutu ya majani nayo inasubiri zamu yake. Siku moja tukichuma mama aliniambia, “Baba, hii mibuni inakula dawa kuliko inavyotupa kahawa.” Alikuwa amepiga hesabu kichwani, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoanza mwaka 2001 palepale Lyamungu, ilitoa aina chotara zinazostahimili magonjwa hayo mawili. Majina yake yamebeba yale ya zamani, N39 au KP423, na namba mbele yake. Miche ya kuanzia niliipata kupitia kikundi cha wakulima cha jirani, nikaipanda karibukaribu nyuma ya nyumba ya mama iwe bustani mama, yaani mibuni ambayo hutaichuma kahawa bali machipukizi.

Mbuni wa bustani mama haukui wima. Ukiachwa usimame, ncha yake inayazuia macho ya chini yasiamke, na utapata machipukizi mawili matatu tu. Shina likiinamishwa taratibu likiwa bado laini, likafungwa kwenye kigingi, uzuiaji ule unapungua, na macho yaliyolala pembeni ya shina yanaamka na kurusha machipukizi yaendayo juu. Hayo ndiyo ya kukata.

Sisitizo langu lote liko hapa. Mbuni una matawi ya namna mbili na hayabadilishani kazi. Kuna chipukizi la wima, ambalo ni shina changa, na kuna tawi la pembeni, ambalo ndilo linalobeba kahawa. Tawi la pembeni nalo ukiliotesha litatoa mizizi bila shida, lakini mmea wake utaendelea kutambaa pembeni maisha yake yote. Haugeuki ukawa mti. Bibi shamba aliyekuja kutufundisha kwenye kikundi, binti mdogo kwa wengi wetu, alilisema hilo kwa heshima lakini bila kulegeza: “Baba zangu na mama zangu, la kuzaa liacheni. Mkate linalotazama juu.” Watu wengi wanaosema vikonyo vimewashinda walikata la kuzaa.

Nakata asubuhi na mapema, chipukizi likiwa limejaa maji ya usiku. Nachagua lenye miezi mitatu hadi minne, rangi ya kijani, linalopinda bila kuvunjika. Ncha laini naitupa kwa sababu inaoza, na sehemu ya chini iliyoanza kuwa ya kahawia naitupa pia kwa sababu ni ngumu kutoa mizizi. Katikati ndiko kuliko na mali. Kila pingili yenye jozi ya majani inakuwa kikonyo: nakata juu kidogo ya majani, na chini naacha kijiti cha urefu wa sentimita nne au tano, nikikikata mshazari kwa wembe mpya au sikatea (mkasi wa kupogolea) iliyofutwa kwa spiriti. Naondoa jani moja, na lile linalobaki nalikata nusu. Ukiwa na mkono mtulivu unaweza, badala ya kuondoa jani moja, kupasua pingili kwa urefu katikati ukapata vikonyo viwili, kila kimoja na jani lake na jicho lake. Vipande vyote vinakaa kwenye ndoo ya maji mpaka vipandwe, na vinapandwa siku hiyohiyo. Vya Rau vinasafiri ndani ya gunia lililoloweshwa, chini ya kiti cha daladala, mbali na jua.

Sasa fikiria hali ya kikonyo. Kina jani linalopoteza maji kila dakika, na hakina mizizi ya kuyarudisha. Kwa hiyo kumwagilia udongo sana hakukisaidii, kunakiozesha tu. Kinachokiokoa ni hewa iliyojaa unyevu, ili jani lisinyauke kwa miezi yote ambayo mizizi inatengenezwa. Vifaa vyote nilivyonunua au kutengeneza vinatumikia jambo hilo moja.

Ndani ya stoo nina sanduku la mbao la kina cha goti, limetandikwa nailoni yenye matundu chini, na juu limefunikwa nailoni angavu iliyobanwa pembeni zote. Limekaa karibu na dirisha la mashariki lenye pazia jeupe. Mwanga unahitajika, maana jani ndilo linalokilisha kikonyo, ila jua la moja kwa moja kupitia nailoni linakipika. Nje, Kibosho, ni tuta lililozungushiwa matofali, fito zilizopindwa kuwa matao, nailoni juu yake, halafu kichanja cha majani ya migomba cha kuongeza kivuli. Vyote viwili navisoma kwa njia moja: asubuhi natazama nailoni kwa ndani. Ikiwa ina matone, sifungui. Ikiwa kavu, nafungua, nanyunyizia kwa chupa ya kupulizia, nafunga upesi.

Udongo ni wa juu wa kihamba, mchanga wa mto, na pumba za mpunga zilizochomwa ambazo nazipata kwenye mashine za Chekereni. Naumwagia maji yanayochemka kabla ya kupanda, ili kuvu wake wafe. Samadi haiingii kabisa hatua hii. Kikonyo kisicho na mizizi hakina cha kulia samadi, na samadi inaleta uozo. Kikonyo nakichomeka mpaka jicho lake liwe limekaa juu kidogo ya udongo, jani likielekea upande mmoja na wenzake ili yasifunikane. Dawa ya unga ya kuchochea mizizi nimeitumia upande mmoja wa sanduku na mwingine nikaacha. Inaharakisha kidogo, lakini usikae bila kuotesha eti kwa sababu hujaipata.

Kati ya ndani na nje, jibu langu linategemea mwezi. Juni mpaka Agosti, Kibosho ni baridi na ukungu unaweza kukaa hadi mchana. Vikonyo vya nje vinabaki vya kijani lakini havisogei, vimesimama tu. Wakati huohuo stoo ya Rau, ambako ni chini zaidi na kuna joto la ukuta, vinafanya kazi. Mambo yanageuka Januari na Februari. Joto la Moshi mjini likipita nyuzi 30, chini ya nailoni linapita zaidi ya hapo, na kikonyo kinaanza kuwa cheusi kutokea chini kwenye mkato. Miezi hiyo kivuli cha migomba ya Kibosho kinashinda chumba chochote. Kwa hiyo sasa sibishani tena na majira: kipindi cha baridi naotesha mjini, kipindi cha joto naotesha mlimani. Nje kuna maadui ambao ndani hawapo, hasa konokono na kuku wa mama, na kwa kuku dawa ni wavu tu. Lakini mche uliooteshwa nje unakuwa mgumu zaidi, umeshazoea upepo na usiku wa baridi, na ukihamishwa shambani haushtuki.

Mizizi inachukua miezi mitatu hadi minne. Kwanza unatokea uvimbe mweupe kwenye mkato, kisha mizizi inachomoza humo. Hapa subira ni kazi kamili. Jicho linaweza kuchipua majani mawili madogo kabla hata mzizi mmoja haujatoka, kwa akiba iliyo ndani ya kijiti, na mtu akaona kimeshika akakifunua. Kipimo changu ni kukivuta kidogo sana kwa vidole viwili. Kikikataa, kimeshika. Kikija, nakirudisha na kukiacha. Kung'oa ili kutazama ni kukikata mizizi laini iliyokuwa inaanza.

Vikishashika, naanza kuvifundisha hewa ya nje. Nailoni inafunguliwa jioni tu kwa muda, kisha jioni hadi asubuhi, kisha nusu siku, mpaka iondolewe. Ndipo vinaingia kwenye viriba vyenye udongo, mchanga na sasa samadi iliyoiva vizuri. Vya Rau vinapanda Kibosho hatua hii, vinakaa kivulini pamoja na wenzao miezi mingine kama sita. Tangu siku ya wembe mpaka mche wa kupanda ni karibu mwaka mzima, na sijui njia ya mkato iliyo salama.

Kuna tofauti moja ya kuzingatia shambani. Mche wa mbegu una mzizi mkuu unaozama moja kwa moja. Mche wa kikonyo hauna mzizi huo. Una mizizi kadhaa iliyotoka kwenye mkato, ambayo mingine inashuka na mingine inatawanyika. Kwa hiyo miaka yake ya mwanzo kiangazi kinauuma zaidi. Mimi nafungua mashimo ya sentimita 60 kila upande, kina chake hichohicho, miezi mitatu kabla ya mvua, nachanganya udongo wa juu na debe mbili za samadi, napanda masika ikishika, natandaza majani makavu ya migomba lakini bila kuyagusisha shina. Zamu yetu ya mfongo, yaani mfereji wa maji tunaogawana, ikifika, miche michanga ndiyo inayokunywa kwanza.

Na kinga ya chotara isikudanganye ukaacha kukagua. Inahusu chulebuni na kutu. Bungua mweupe anatoboa shina la chotara kama la mbuni wowote, kimatira anafyonza punje zake, ruhuka anaingia ndani ya punje. Unga unaofanana na wa mbao chini ya shina ukiuona, usipite.

Mibuni yangu ya vikonyo ilianza kuzaa mwaka wa pili, kidogo, na wa tatu ikazaa ya kuchumwa kwa debe. Msimu wa mvua nyingi uliopita, mstari wa KP423 ya zamani ulikuwa na punje nyeusi kila tawi, na mistari ya chotara pembeni yake ilikuwa safi bila kopa. Mama alipita katikati akishika matawi ya upande huu na upande ule, akaniuliza, “Kwa hiyo pampu tunaiuza?” Nikamwambia bado, mama, mpaka mistari yote ibadilike.

Tumekubaliana kung'oa kidogo kidogo ili tusikose kahawa mwaka wowote. Mistari minne ya juu, karibu na nyumba, imekwisha. Ya chini, kando ya mfongo, mashimo yako wazi tangu Desemba, na miche yake iko kwenye viriba inasubiri masika.