Nilivyoutembelea Yinxu, mji uliobaki udongo

Waliotangulia kufika Yinxu waliniambia hakuna cha kuona kule, ni bustani na mashimo tu. Nimerudi nikiwa na mawazo tofauti kabisa, na naeleza hapa nilivyofanya, kwa sababu wapo wengi wetu wanaosoma Zhengzhou, China, ambao hawajafika Anyang, mji ulipo Yinxu, na kwa treni ya kasi ni mwendo wa saa moja hivi.

Yinxu ulikuwa mji mkuu wa mwisho wa wafalme wa Shang, ukoo uliotawala China ya kale, tangu kama mwaka 1300 hadi 1046 KK. Watu wake walijenga kwa mbao, nyasi na udongo wa kushindilia. Mbao na nyasi zilikwisha zamani, ukabaki udongo. Ndiyo maana anayekwenda akitegemea kuta na nguzo huondoka amenuna.

Mimi sikuanzia Anyang. Nilianzia Makumbusho ya Henan, palepale Zhengzhou, kwani vitu vingi vilivyochimbwa Yinxu vilihamishwa. Nilitaka kumwona bundi wa Fu Hao. Ni chombo cha pombe cha shaba nyeusi, hakifiki hata nusu mita, kimesimama kwa miguu miwili na mkia, na kwenye kila bawa amejiviringisha nyoka. Sisi tumelelewa kumwogopa bundi akitua juu ya paa. Wao walimtia kaburini pamoja na mke wa mfalme, tena wawili. Mwenzake yuko Beijing.

Fu Hao alikuwa mke wa Mfalme Wu Ding, na vilevile kiongozi wa jeshi. Maandishi ya wakati huo yanataja askari 13,000 katika vita vyake. Maandishi yenyewe yamechongwa kwenye magamba ya kobe na mifupa ya bega ya ng'ombe iliyotumika kupiga ramli. Upande wa nyuma walichimba vishimo, wakavichoma kwa moto, na nyufa zilizotokea upande wa mbele ndizo zilizosomwa. Kabla ya safari nilisoma tafsiri ya gamba moja mashuhuri: mfalme anauliza kama Fu Hao atajifungua salama, na jibu linataja siku ambazo zingekuwa za heri. Baada ya siku 31 akajifungua katika siku nyingine. Mwandishi akaongeza kwamba haikuwa heri, mtoto alikuwa wa kike. Neno hilo liliniuma, nikizingatia mama mwenyewe alikuwa nani.

Siku ya kwenda nilishuka kituo cha Anyang Dong. Pasipoti usiiache nyumbani, ndiyo kitambulisho chako kwenye treni na kwenye tiketi za kuingilia. Niliita teksi kwa simu na kuanza na makumbusho mapya ya Yinxu yaliyofunguliwa Februari 2024, kisha nikavuka mto Huan kwenda kwenye eneo la majumba ya wafalme. Huo ndio mpangilio ninaoupendekeza kwa moyo wote: ona vitu kwanza, mashimo baadaye.

Kaburi la Fu Hao liligunduliwa mwaka 1976 na kikosi cha mwanaakiolojia Zheng Zhenxiang, na wezi walikuwa hawajalifikia. Shimo ni dogo, mita 5.6 kwa 4, lakini ndani mlikuwa na vyombo 468 vya shaba nyeusi, vitu 755 vya jiwe la jade, na simbi zaidi ya 6,000. Simbi! Anyang ni mbali sana na bahari, na kwetu pwani watoto huziokota maji yakitoka. Mle shimoni sasa mna nakala. Walipokutwa watu 16 waliozikwa kumsindikiza sikuweza kupapita haraka.

Kilichonishika zaidi ni magari ya farasi. Mbao za magurudumu zilioza, lakini udongo uliojaa nafasi yake ulitofautiana kidogo na udongo wa kandokando, na wachimbaji wakaufuata kwa brashi na visu vidogo mpaka gurudumu zima likajitokeza, na kila mti wake wa katikati ukahesabika. Unachokitazama ni udongo mtupu wenye umbo la gari, na mifupa ya farasi wawili imelala mbele yake. Nilichuchumaa pembeni ya kioo, nikaufuatisha mmoja wa miti hiyo kwa macho kutoka kitovuni hadi kwenye ukingo. Hapo nilijua kwamba mji huu haukupotea.

Makaburi ya wafalme yako ng'ambo ya kaskazini ya mto, na wageni wengi huyaacha kwa uchovu. Msiyaache. Huko ndiko kulikopatikana, mwaka 1939, chungu cha shaba nyeusi kiitwacho Houmuwu, chenye uzito wa kilo 832.84. Pale mtaona nakala yake, na mashimo marefu yenye njia za kushukia pande zote nne. Nendeni majira ya kuchipua au mwezi wa Oktoba, ila si wiki ya sikukuu ya taifa inayoanza tarehe 1, kwa kuwa msongamano wake hausemeki. Chungu chenyewe kimewekwa Makumbusho ya Taifa, Beijing, na tiketi ya kwenda kukiona nimeshakata.